Mama mkubwa amegeuka hakimu wa kadi: nani alikuwa sahihi?

Mshauri,

Umri wako siujui, kwa hiyo pokea zote mbili: shikamoo kama umenizidi, hujambo kama nimekuzidi.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi hapa Mwanza. Likizo hii mdogo wangu anayeishi Manchester amemleta mwanawe wa miaka 14 akae kwangu. Mtoto kashuka na mabegi mawili, moja la nguo, jingine limejaa kadi za Yu-Gi-Oh!, mchezo wa Kijapani ambamo wawili hupambanisha mazimwi kwa kadi. Kamgawia mwanangu, ambaye ana miaka 12, fungu zima la kuchezea, kamfundisha, na tangu hapo sebule yangu haina amani. Kila mchezo unaishia kwa kelele: "Imeandikwa hivi!" "Haina maana hiyo!" Wakichoka kubishana wananiletea mimi. Kadi zimeandikwa Kiingereza, mama anafundisha Kiingereza, basi mama aamue.

Nimeamua kesi tatu na zote zimeniletea manung'uniko.

Ya kwanza. Kijana wa Manchester alicheza kadi ya uchawi iitwayo Raigeki, ambayo inaangamiza mazimwi yote ya mpinzani. Mwanangu alikuwa amelaza kadi yake ya Mystical Space Typhoon tangu zamu iliyotangulia. Akaifunua, akasema anaiangamiza hiyo Raigeki kabla haijafanya kazi. Kaka yake akacheka: angamiza tu, mazimwi yako yanakufa vilevile. Mimi nikaamua kwamba kilichokwisha kuangamizwa hakiwezi kuangamiza wengine. Nikampa ushindi mwanangu.

Ya pili. Mwanangu ana kadi mbili tatu za zimwi linaloitwa Peten the Dark Clown. Kadi inasema kwamba inapopelekwa makaburini (rundo la kadi zilizokwisha kutumika au kufa), mchezaji anaweza kuiondoa kabisa mchezoni na kuita Peten mwingine kutoka mkononi au kwenye fungu. Mwanangu akamtoa Peten kafara ili aite zimwi kubwa. Peten akaenda makaburini kama ilivyoandikwa. Mwanangu akataka kumwita Peten wa pili, kaka yake akamkatalia, eti "wakati umempita". Nikaisoma kadi mara kadhaa. Peten amepelekwa makaburini au hakupelekwa? Amepelekwa. Nikampa haki mwanangu tena.

Ya tatu. Wote wawili wana kadi ya Sangan. Ya kijana wa Manchester ni ya zamani, maelezo yake mafupi. Ya mwanangu ni mpya zaidi na ina maelezo marefu yanayoweka masharti. Mwanangu alishambulia, Sangan wa kaka yake akafa, na kwa kufa huko kaka yake akachukua kadi ya Kuriboh kutoka kwenye fungu. Mwanangu akashambulia kwa zimwi la pili, kaka yake akaitupa Kuriboh papo hapo ili asiumie. Mwanangu akalalamika kwamba Sangan hairuhusu hivyo. Nikasema kila mtu afuate kilichoandikwa kwenye kadi yake mwenyewe. Safari hiyo nikampa haki mgeni, nikidhani nitaonekana sina upendeleo.

Katika ile kesi ya pili kijana alinijibu mbele ya baba yao na wageni: "Mama mkubwa, wewe unajua Kiingereza, hujui kadi." Baadaye nikazikusanya kadi zake zote, na mpaka naandika ziko juu ya kabati langu. Baba yao anasema zisirudi mpaka aombe radhi.

Niambie, nani alikuwa sahihi? Na maneno ya kadi hizi yameandikwa ovyo, au kuna kitu sikioni? Nimezisoma kwa sarufi ninayoifundisha kila siku.

Mama Mkubwa, Mwanza

*

Mwalimu, shikamoo. Mimi ndiye mdogo.

Nianze na hukumu, maana najua huko sebuleni wanazisubiri. Kesi ya kwanza, kijana wa Manchester alikuwa sahihi. Ya pili, sahihi tena. Ya tatu, mwanao alikuwa sahihi na kaka yake alikosea. Kwa maneno mengine, zote tatu zigeuze.

Sarufi yako haina kasoro. Tatizo ni kwamba kadi hizi zina sarufi yake zenyewe, iliyovaa nguo za Kiingereza. Mchezo wa kadi za Yu-Gi-Oh! ulitolewa na kampuni ya Konami huko Japani mwaka 1999, ukaingia kwa Kiingereza mwaka 2002. Miaka ile ya mwanzo kadi za Kiingereza ziliandikwa kwa mtindo wa kusimulia. Jambo moja liliandikwa hivi kwenye kadi hii na vingine kwenye kadi ile, na ukitaka kujua maana yake ilikubidi utafute ufafanuzi nje ya kadi. Mwaka 2011 Konami ilibadili uandishi. Maneno fulani na alama fulani za uandishi zilipewa kazi maalumu, kazi ileile kwenye kila kadi. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba za zamani nyingi kweli ziliandikwa ovyo. Za baada ya hapo zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa, ila mtu asiyeambiwa hawezi kuujua uangalifu huo kwa kutazama tu.

Mchukue huyo Peten, ndiye mfano mzuri. Katika maandishi yake ya sasa kuna sehemu tatu. Kwanza "When this card is sent to the GY" (GY ni Graveyard, yaani makaburini), halafu nukta mbili. Kisha "You can banish this card from your GY", halafu nukta mkato. Mwisho, kuita Peten mwingine kutoka mkononi au kwenye fungu. Kinachotangulia nukta mbili ni sharti: lini kadi hii inaruhusiwa kuzungumza. Kilicho kati ya nukta mbili na nukta mkato kinafanywa palepale unapotangaza kwamba unaitumia, kabla mpinzani hajajibu chochote. Mara nyingi hiyo ni gharama, au ni kuchagua unayemlenga. Kinachofuata nukta mkato ndiyo kazi yenyewe, na hiyo inasubiri mpaka kila mtu amalize kujibu.

Faida yake inaonekana upesi. Tuseme mwanao amemwondoa Peten mchezoni ili amwite mwenzake, na kaka yake akafungua kadi inayobatilisha. Je, Peten aliyeondolewa anarudi? Harudi. Yuko upande wa kushoto wa nukta mkato, ameshalipwa. Ugomvi wa aina hiyo unautatua kwa kidole tu, bila kujua chochote kingine kuhusu mchezo.

Sasa kwa nini wakati ulimpita. Kadi imetumia "When" pamoja na "you can". Maneno haya mawili yakikutana, kadi inadai kwamba jambo inalolisubiri liwe ndilo la mwisho kabisa kutokea. Mwanao alipotoa kafara, mambo mawili yalitokea kwa mfuatano: Peten akaenda makaburini, kisha zimwi kubwa likaingia uwanjani. La mwisho ni kuingia kwa zimwi. Mpaka mchezo unaporuhusu watu kuitikia, kifo cha Peten kimeshakuwa habari ya nyuma, naye hana ruhusa ya kusema. Kama ingeandikwa "If" mahali pa "When", kadi ingesema hata kama jambo lingine limetokea katikati. Na kama ingekuwa "When" bila "you can", maana yake ni lazima, si hiari, na cha lazima hakipitwi na wakati.

Najua unavyoliona hili, Mwalimu. Katika Kiingereza cha darasani huwezi kumwadhibu mtoto kwa kuyabadilishana maneno hayo mawili katika sentensi kama hiyo. Mimi binafsi naiona kuwa ndiyo sheria mbaya kuliko zote katika mchezo huu, maana inamwadhibu mtu aliyeisoma kadi vizuri. Kadi za miaka ya karibuni zinaikwepa zaidi kwa kutumia "If". Lakini Peten hajabadilishwa, na maadamu mnacheza naye, mnacheza na sheria yake. Kijana alipotumia maneno "wakati umempita" hakuwa anamdhulumu mdogo wake. Ndivyo wachezaji wanavyoliita jambo hilo.

Kesi ya Raigeki ni maarufu zaidi. Sidhani kama kuna mchezaji wa mchezo huu ambaye hajawahi kuibishania. Ulisema kilichoangamizwa hakiwezi kuangamiza. Ni fikra nzuri, ila kadi haikusema hivyo. Ichukue Mystical Space Typhoon uisome. Inalenga kadi moja ya uchawi au ya mtego iliyo uwanjani, nukta mkato, inaiangamiza. Basi. Hakuna mahali inaposema inabatilisha.

Kadi zikijibizana zinafunga mnyororo, na mnyororo unafunguliwa kuanzia kiungo cha mwisho. Raigeki ilikuwa kiungo cha kwanza, Typhoon cha pili. Typhoon ikatangulia, ikaichana Raigeki. Ikafika zamu ya Raigeki. Karatasi yake iko makaburini, lakini uchawi wake ulishatangazwa na haukubatilishwa, na kadi ya uchawi ya kawaida haihitaji kubaki uwanjani ili kazi yake itimie. Mazimwi ya mwanao yanakufa yote.

Ukitaka kumwonyesha mwanao tofauti, tafuta kwenye mabegi kadi ya Magic Jammer. Hiyo inasema: kadi ya uchawi ikitumiwa, tupa kadi moja ya mkononi, nukta mkato, batilisha matumizi hayo, na ukifanikiwa, iangamize. Maneno yote mawili yapo, kubatilisha na kuangamiza, kwa sababu ni mambo mawili. Ukiikuta kadi yenye moja tu, usiiongezee la pili kwa huruma.

Ipo hali ambayo mwanao angepata. Kuna kadi ambazo kazi yao ni ya kudumu, na hizo ni sharti ziwepo uwanjani, zikiwa wazi, wakati kazi yao inapotimizwa. Call of the Haunted, ule mtego unaofufua zimwi, ni mojawapo. Kaka yake akiifungua na mwanao akajibu kwa Typhoon, zimwi halifufuki. Pengine aliona likitokea hivyo siku moja akadhani ni hivyo kwa kadi zote. Watoto wengi wanaingilia mlango huo.

Kesi ya tatu ndiyo iliyonifurahisha, maana mjuzi wa Manchester alinaswa na kadi yake mwenyewe. Sangan ni ya zamani, ilikuwemo tangu 2002 katika toleo la Metal Raiders. Ilikuwa na nguvu kupita kiasi hata ikawahi kupigwa marufuku mashindanoni, kisha ikaruhusiwa kurudi ikiwa imewekewa breki: kadi utakayoichukua kwa Sangan, huwezi kuitumia wala kuitumia nyingine yenye jina hilo mpaka zamu hiyo iishe. Hayo ndiyo maelezo marefu kwenye kadi ya mwanao. Konami ikibadili maandishi ya kadi, maandishi mapya yanazifunga nakala zote zenye jina hilo, hata iliyochapishwa mwaka wa kwanza. Karatasi ya zamani unaruhusiwa kuichezea, lakini unaicheza kana kwamba imeandikwa kama ya leo.

Kwa hiyo kumchukua Kuriboh kulikuwa halali. Kumtupa katika zamu ileile hakukuwa halali, na shambulio la pili lilipaswa kumuumiza. Zamu ikishageuka, Kuriboh yuko huru. Hukumu yako ya "kila mtu na kadi yake" ina sura ya haki, lakini ingeufanya mchezo uwe wa mwenye kadi kuukuu, na wenye kadi kuukuu ni wale waliotangulia kununua.

Hapa ndipo mchezo huu unapoachana na karata zetu. Kwenye lasti kadi, kila kijiwe kina sheria zake na hakuna wa kumuuliza zaidi ya waliokaa pale. Yu-Gi-Oh! ina pa kuuliza. Konami ina orodha rasmi ya kadi kwenye tovuti yake, na programu ya simu iitwayo Neuron. Ukiandika jina la kadi unapata maandishi yake ya sasa, bure. Wakianza kubishana, usiguse kadi iliyo mezani, fungua simu kwanza. Nusu ya kesi zitaisha hapo hata kabla hujavaa miwani.

Kwa zinazobaki, muulize anayedai kitu akuonyeshe neno. Asikueleze kadi "ilikusudia" nini, wala katika katuni ya Yu-Gi-Oh! ilikuwaje, aweke kidole. Anasema kadi imelenga? Neno "target" liko wapi? Raigeki hailengi, kwa hiyo zimwi lenye kinga dhidi ya kulengwa linakufa nayo vizuri kabisa. Anasema anaruhusiwa mara moja tu kwa zamu? Tazama kama imeandikwa "once per turn" peke yake, hapo kila nakala iliyo uwanjani ina mara yake moja, au kama sentensi imetaja jina la kadi, hapo ni mara moja kwa mchezaji hata akiwa na nakala tatu. Mambo mawili yameungwa kwa "then"? La kwanza lisipofanyika, la pili halifanyiki, na yanafuatana. Yameungwa kwa "also"? Kila moja linasimama peke yake. Hayo utayazoea kwa kuyaona. Jambo moja la kukuokoa ukikwama: kitabu cha sheria chenyewe kinasema kadi ikipingana na sheria za jumla, kadi ndiyo inayofuatwa.

Ukikosa jibu kabisa, amua upesi, mchezo uendelee, kisha mtafute jibu baadaye kwa ajili ya mchezo ujao. Kwenye mashindano hufanywa hivyohivyo. Mchezaji huita mwamuzi, asiporidhika hukata rufaa kwa mwamuzi mkuu, na la mwamuzi mkuu ndilo la mwisho hata likiwa na walakini. Michezo iliyokwisha iacheni ilivyo.

Sasa kuhusu kabati. Nakusihi utenganishe mambo mawili ambayo baba yao ameyafunga pamoja. Kijana alisema hujui kadi, na siku ile ilikuwa kweli. Alilisema mbele ya wageni, kwa mdomo ambao hapa kwetu mtoto hautumii kwa mama yake mkubwa, na hilo ni kosa. La kwanza halihitaji radhi. La pili linahitaji. Ukimshikia kadi mpaka aombe radhi, atajifunza kwamba aliadhibiwa kwa kuwa sahihi, na msamaha utakaoupata utakuwa wa kununulia kadi.

Mimi ningezishusha leo jioni, kabla hajaomba. Waite wote wawili, wasomee hukumu zote tatu, na ya Sangan usiiruke, maana naye anahitaji kusikia kwamba amekosea mbele ya mdogo wake. Halafu mwite pembeni, mwambie namna ya kumwambia mkubwa kwamba ana shaka na uamuzi wake. Ana miaka 14, amekulia mahali ambapo mtoto humjibu mkubwa moja kwa moja na watu wasishtuke, pengine hakuna aliyewahi kumfundisha. Mpe hata maneno yenyewe: "Mama mkubwa, samahani, tuangalie kwenye orodha." Baba yao aachiwe kazi ya kupokea salamu.

Na mwanao, ambaye leo anapoteza kesi mbili kati ya tatu, usimwache mikono mitupu. Mwambie aache kumtoa Peten kafara. Amlaze kifudifudi katika hali ya kujilinda, ulinzi wake ni 1,200 tu, na angoje. Kaka yake akimshambulia na kumuua, kifo hicho ndicho jambo la mwisho kutokea, wakati haujampita mtu, na Peten wa pili anaitwa bila ubishi. Akiuawa wa pili, anaitwa wa tatu. Kijana wa Manchester atatumia mashambulizi matatu kumwondoa kikaragosi mmoja.